Dirisha la Mama Mitchelle

Phelister, yule sisi tunamwita Mama Mitchelle, alitaka kitu kimoja tu kwa ile meli: chumba namba 4127. Hakutaka bahari wala Zanzibar, wala ile mikahawa kumi na moja ambayo mtu anakula mpaka anachoka. Alitaka chumba hicho, kilicho chini na katikati, kisicho na hata tundu la kuchungulia nje. Binti yake Mitchelle ndiye angesafisha vyumba vya korido hiyo wiki hiyo. Mama alitaka alale humo siku saba, na asubuhi na jioni msichana aingie na mashuka yake, amtandikie kitanda. Basi.

Haya mimi niliyajua nikiwa nimeshaharibu. Nayasema mapema usije ukadhani niliharibu nikijua.

Hapa Makongeni najulikana kama Mama Caleb wa chapati, ingawa jina langu ni Triza. Kochi langu la watu wawili halijawahi kukaliwa na watu wawili. Wanakuwa wanne, na mwingine kwa mkono wa kochi. Caleb mwenyewe alihamia Juja akisema kwangu ni kama stendi ya Muthurwa, ni vile tu hakuna makanga wa kuita abiria. Sikubishana naye. Napenda nyumba iwe na watu, na watu wakiwa wengi, habari hazikosi.

Phelister ni jirani yangu wa ukuta, mwaka wa kumi na tisa huu. Mzee wake, Wesonga, alikuwa mtu wa reli. Mitchelle ni mtoto wao wa pekee. Alipata kazi kwa meli ya watalii miaka minne iliyopita, kazi ya vyumba, mkataba wa miezi tisa. Mwaka juzi, mwezi wa pili, Wesonga akalala asiamke. Meli ilikuwa pande za Brazil. Tulimzika Busia, na simu yangu ndiyo iliyoshikwa juu ili msichana aone, lakini mtandao wa kule kijijini ukakatika kabla jeneza halijashuka. Tangu siku hiyo Mitchelle hajakanyaga Kenya. Mkataba ukiisha anaomba mwingine. Anasema ni kazi. Mama yake naye anasema ni kazi.

Phelister ana kile kisimu kidogo cha kubonyeza, kwa hivyo sauti za Mitchelle zinaingia kwa simu yangu. Jumapili baada ya kanisa anakuja, anakaa kwenye kiti cha pembeni, anatugeuzia mgongo sote tuliomo, anabandika simu sikioni. Halafu ananirudishia bila kuniangalia.

"Cheza tena, Mama Caleb."

Nacheza tena. Kuna sauti moja ya dakika mbili niliicheza mara tisa. Ilikuwa inasema habari ya mafua.

Basi mwaka huu Mitchelle akamnunulia mama tiketi. Meli inaitwa Alondra, ingetia nanga Mombasa, ichukue abiria, iende Zanzibar na Ushelisheli, irudi. Tiketi ilipitia imeli yangu kwa sababu Phelister hana. Niliona chumba kilikuwa cha bei ya chini kabisa. Lakini ajabu, msichana alikuwa ameongeza pesa kidogo ili achague namba mwenyewe. Nikauliza, mbona ulipie kuchagua, na vyote havina dirisha?

"Hicho ndicho nimepewa," Phelister akasema. Namba yenyewe alikuwa ameiandika nyuma ya kalenda kwa kalamu nyekundu, kama mtu anayeogopa kupotea njia ya nyumbani.

Imeli ya kwanza ya ofa kutoka kwa kampuni ya meli ilipoingia, mwezi mzima kabla ya safari, nilidhani ni wale matapeli. *Pandishwa chumba. Taja bei yako.* Nikaiacha. Wiki mbili baadaye ikaja nyingine. Alhamisi ya wiki ya mwisho kabla ya safari ikaja ya tatu, ina picha ya kitanda kikubwa, mlango wa kioo, na bahari yote nje. Nilikuwa na Ruqiyo kwangu. Ruqiyo anatoka Pumwani, anauza mapazia Muthurwa, na yuko kwa chama chetu cha kuchangiana tangu kianze.

"Hebu nione hicho chumba chake cha sasa," akasema. Nikamwonyesha. Akakodoa macho. "Hakina dirisha?"

"Hakina."

"Walahi? Sasa pazia mtu anaweka wapi?"

"Ruqiyo, si duka hilo, ni meli."

"Hata meli. Mtu hawezi kuvuka bahari amefungiwa kama gunia la mchele. Huyo mama amezika mume, hajaona mtoto miaka, halafu aende baharini asione bahari? Hapana. Ngoja nimpigie Muse."

Muse ni mtoto wa kaka yake, anafanya kazi kwa ofisi ya kukata tiketi huko mjini. Tukamweka kwa spika.

"Shangazi, hiyo si utapeli," Muse akasema. "Meli ikishalipwa, wanahesabu vyumba vya juu vilivyobaki. Wakiona viko vingi, wanawaandikia watu wa chini. Wengine wanapata miezi miwili kabla, wengine mwezi, wengine siku chache kabisa. Hata siku ya kupanda, pale bandarini, wanaweza kukuuliza."

"Na wanaangalia nini? Nani anapewa?" nikauliza.

"Pesa. Wewe unataja kiasi. Kuna mshale unaonyesha kama ofa yako ni dhaifu ama ina nguvu. Kadi haikatwi mpaka wakubali. Lakini sikilizeni: kiasi ni cha kila kichwa, na chumba kinahesabiwa vichwa viwili, hata mama akiwa peke yake. Msije mkalia."

"Tutaamua sisi chumba gani?"

"Hamchagui. Wanawapa cha aina ile, popote. Na ile namba yenu ya zamani inarudi kwao, hata kama mliilipia."

"Si tunaiacha tu," Ruqiyo akasema. "Nani analilia kabati?"

"Sawa. Mkibadilisha nia, ingieni mwondoe ofa. Lakini mkishaandikiwa kwamba imekubaliwa, imeisha. Wana mpaka siku mbili kabla ya safari kuwajibu."

Sasa ukimwambia mtu wa mitaa yetu hii ya Eastlands ataje bei mwenyewe na kuna mshale unaopanda, umemfungulia harambee. Jioni hiyo niliita chama. Phelister alikuwa kwa fundi, nguo ya safari inatiwa zipu, na hiyo ilitufaa maana tulitaka iwe ya kushtukiza. Watu kumi na wawili kwa chumba kimoja, chapati zinazunguka, simu yangu iko katikati ya meza kama sahani ya sadaka. Tukaandika kiasi cha kwanza. Mshale ukabaki kwenye nyekundu.

"Aibu hiyo," akasema Mzee Mulongo, fundi wa viatu, ambaye ni mwanamume pekee kwa chama na anapenda tukumbuke. "Wazungu watasema Makongeni wametuma pesa ya karanga."

Akaongeza yake. Mshale ukasogea kwenye manjano. Nzuki wa mboga akasema Wesonga ndiye alimbebea mzigo siku anahamia, akaongeza. Ruqiyo akatoa kadi yake ya benki na kusema atajaza kitakachopungua, tumrudishie polepole. Mshale ukaingia kijani, na nyumba nzima ikapiga makofi kama goli limeingia. Nikabonyeza.

Nakumbuka nikilala siku hiyo nikisikia kupitia ukutani Phelister akiimba wimbo wa kanisa, ule wa pole pole, na nikajisikia mtu mzuri sana.

Jumapili tukafanya maombi ya kumuaga, kwangu. Jumatatu angepanda treni, Jumatano meli ing'oe nanga. Nyumba ilijaa mpaka wengine wakasimama koridoni. Phelister alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Simu yangu nilikuwa nimeiweka juu ya kabati, inachajiwa, sauti nimeizima kwa heshima ya maombi.

Baada ya amina nikasimama. Mimi nikisimama kuongea, watu wanajua waagize chai ya pili. Nikaanza na siku Phelister alipohamia, nikapitia Wesonga na baiskeli yake, nikagusa msiba, nikafika kwa Mitchelle, nikazunguka, nikatania kidogo kuhusu zipu. Mwisho nikasema: tumekuombea chumba cha juu chenye balkoni, Mama Mitchelle, na tukikubaliwa hutalala tena kwa kile kisanduku. Ruqiyo akatoa pazia jeupe la lesi, limekunjwa kwa karatasi, la kwenda kuning'iniza kwenye mlango wa kioo. Watu wakacheka, wakapiga vigelegele.

Phelister akasema asante. Akasema tena asante. Halafu akainuka, akapita katikati ya watu akiomba njia, akatoka nje.

Nilimkuta kwenye mfereji wa plotini, amesimama tu, maji yanamwagika kwa ndoo iliyojaa tayari.

"Mmeshalipa?" akaniuliza.

"Bado hawajajibu. Lakini mshale ulikuwa kijani, usijali."

"Iondoe."

"Nini?"

"Triza, iondoe." Jina langu hajawahi kuliita tangu nimjue. "Mitchelle ndiye anafanya kazi kwa hiyo korido. Namba elfu nne mia moja ishirini na saba, ni yake. Kwa meli hiyo, maafisa wanaruhusiwa kukaa na familia zao. Wa vyumba hawaruhusiwi. Haruhusiwi kukaa na abiria, haruhusiwi kunywa chai naye, hata kupanda kwa ghorofa za juu haruhusiwi kama si zamu yake. Njia ni moja tu. Awe ndiye anatandika chumba changu. Amempa mwenzake siku zake zote za kushuka bandarini, miezi mitatu, ili apangiwe korido hiyo wiki hii."

Maji ya ndoo yakanifikia viatu.

"Mara mbili kwa siku angeingia," akaendelea. "Anafunga mlango dakika tano. Angenitandikia, na mimi nishike upande wa pili wa shuka, kama vile tulikuwa tunafanya akiwa mdogo."

Akafungua mkoba, akanionyesha kitu ndani bila kukitoa. Kilikuwa kile kitambaa cha kufuma cha kwenye kochi, cha pale Wesonga alipokuwa analaza kichwa. Kilikuwa na doa lake la mafuta ya nywele, la mviringo. Miaka miwili hakijafuliwa. Nilikuwa nimemsema kwa hilo, si mara moja, na si kwake mwenyewe.

"Hakumzika baba yake," akasema. "Nilitaka nimpe mkononi."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Mama Caleb, ningekuambia asubuhi, saa sita Muthurwa wangejua. Kungekuwa na mtu anamjua mtu wa hiyo kampuni. Mtoto angefukuzwa."



Nikakimbia ndani. Watu walikuwa wanauliza kama mama amelia kwa furaha, nikawapita. Nikatoa simu kwenye chaji. Nikafungua ile imeli ya ofa, nikatafuta mahali pa kuondoa, na pale pa kuondoa hapakuwepo tena. Kulikuwa na imeli mpya juu yake. *Hongera.* Balkoni, ghorofa ya tisa, namba nyingine kabisa. Iliingia saa kumi na dakika kumi na mbili.

Saa kumi na dakika kumi na mbili nilikuwa nimesimama, nikieleza habari ya baiskeli ya Wesonga.

Nikampigia Muse nikiwa chooni, mahali pekee kwangu ambapo mtu anaweza kuwa peke yake. Akasema imeisha. Nikamuuliza kama nikilia itasaidia. Akasema mfumo haulii.

Phelister nikamwambia pale pale mferejini. Akafunga maji. Akaniuliza kama naweza kumtumia Mitchelle sauti, nikampa simu. Alisema maneno machache tu, ya kwao, ya Kisamia. Jibu likaja baada ya robo saa, tukiwa tumesharudi ndani na watu wanakula. Akabandika simu sikioni, mgongo kwetu. Hakusema nicheze tena. Aliicheza mwenyewe, nikamwona kidole kikitafuta pahali pa kubonyeza.

"Amesema nini?" nikanong'ona.

"Amesema, Mama, kuja tu."

Akaenda. Siku kumi na moja nyumba yangu ilijaa kama kawaida, na kila anayeingia anauliza habari ya dirisha. Wamemfungulia? Bahari inaingia? Pazia limetosha? Nikawa najibu, sijapata habari. Ilikuwa ni kweli, na ilikuwa mara ya kwanza watu kunisikia nikisema hivyo. Mzee Mulongo akaniuliza kama ninaumwa.

Akarudi Ijumaa. Jumapili, baada ya kanisa, chama kizima kikawa kwangu, na Phelister kwenye kiti chake. Alikuwa amenenepa uso kidogo. Ruqiyo hakungoja chai.

"Dirisha lilikuwaje?"

"Kubwa," Phelister akasema. "Mlango mzima wa kioo. Ukilala unaona maji."

"Na pazia?"

"Lilitosha kabisa."

Ruqiyo akatuangalia mmoja mmoja, kama mtu aliyeshinda kesi.

Ukweli alikuwa amenipa siku aliporudi, tukiwa wawili, akiwa bado na viatu vya safari. Balkoni alikaa mara moja tu, siku ya kwanza. Mtu wa kutandika kule juu alikuwa kijana mpole wa Indonesia, ambaye kila jioni alimkunjia taulo mfano wa tembo, na kila jioni Phelister alimwambia asante, akangoja atoke, akashuka kwa ngazi mpaka ghorofa ya nne. Abiria anaruhusiwa kupita korido yoyote. Alikuwa anatembea kama mtu aliyepotea, mpaka anaona kigari cha mashuka.

Chumba 4127 hakikupata mtu safari ile. Kilibaki kitupu. Lakini kilikuwa kwa orodha ya Mitchelle, kwa hivyo kila jioni alikifungua na kukipangusa vumbi. Na wakiwa kazini, kanuni ni mlango ubaki wazi. Kadi ya Phelister ilifungua chumba chake cha ghorofa ya tisa tu, na kwenye dari ya korido kuna kamera. Basi akasimama nje, kwenye zulia, kama abiria anayeuliza njia. Mitchelle akiwa ndani. Mlango wazi, na kati yao hakuna kitu, ila hakuna aliyevuka.

"Siku ya kwanza mkubwa wao akapita," Phelister aliniambia. "Mitchelle akasema, *Good evening, madam*. Nikasema *good evening*. Akaenda. Halafu Mitchelle akasema, Mama. Hivyo tu. Na mimi nikasema, ndiyo."

Dakika tano, wakati mwingine sita. Mitchelle alikuwa anatandika kitanda ambacho hakuna mtu angelalia, anatoa shuka safi na kuweka shuka safi, polepole, na mama anaangalia. Kona za shuka anazikunja vile vile Phelister alivyomfundisha, mkunjo wa hospitali kisha mkunjo mdogo juu yake. Siku ya nne Phelister akanyoosha mkono juu ya kizingiti, na kile kitambaa. Mitchelle akakipokea. Akakinusa. Akakaa kwenye kitanda, jambo ambalo haliruhusiwi, akageukia ukuta. Phelister akasimama pale pale, akihesabu taa za dari, ili asivuke.

Kuanzia siku hiyo kitambaa kilikuwa juu ya mto wa 4127. Kila jioni alikitoa, akatandika, akakirudisha katikati ya mto, akakinyoosha kwa kiganja.

"Ningekuwa nimelala humo," Phelister akasema, "ningeshika hata mkono wake." Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja mvua ilinyesha siku gani.

Nilimwuliza nifanye nini. Akasema, wasijue. Walichanga kwa roho safi, waachie dirisha lao.

Kwa hivyo Jumapili ile nilikaa kimya huku Ruqiyo akieleza watu jinsi lesi inavyopendeza na mwanga wa bahari. Ndipo simu yangu ikalia. Sauti kutoka kwa Mitchelle. Nikamkabidhi Phelister kabla mtu hajauliza. Akageuza mgongo, akaibandika sikioni.

Nilikuwa karibu, nikasikia mwanzo wake. "Mama, lile kochi la Baba bado liko pale pale? Mkataba unaisha mwezi wa kumi na moja. Sijaomba mwingine. Sijui. Bado sijaomba." Kisha kelele za mashine, kisha kimya kirefu ambacho hakukikata, msichana akipumua tu.

"Ni Mitchelle?" Nzuki akauliza. "Anasemaje? Weka kwa spika tusikie wote."

"Ndiyo, weka spika," akasema Mulongo.

Phelister hakugeuka. Nilimwona mabega yakijikunja juu ya simu. Basi nikasimama, nikajipangusa unga kwa leso, nikawaambia kwa sauti yangu ile ya mkutano kwamba hawajasikia ya Obura wa gesi na yule mchumba wake wa Kaloleni, na kwamba nilikuwa nimeapa nisiseme. Vichwa vyote vikanigeukia. Nikaanza mbali kabisa, nikazunguka, nikaongeza na yasiyokuwepo, na kila walipokaribia kuchoka nikawapa kingine.

Kutoka kwenye kiti cha pembeni nikasikia sauti ndogo, chini ya kicheko chao.

"Cheza tena, Mama Caleb."

Nikanyoosha mkono nyuma bila kukatiza hadithi, nikabonyeza.